Kabla ya kusema kadi imekufa, isikilize

Leo tuongee juu ya programu moja ndogo inaitwa tio. Haina picha wala vitufe. Unaiandikia amri kwenye terminali, basi. Lakini kama kazi yako ni vyombo vya elektroniki na inakupeleka Yahuma, utafurahi kuwa nayo.

Yahuma iko zaidi ya kilometa 200 kutoka Kisangani ukipima mstari ulionyooka, na njia yetu hainyooki. Kadi ikinyamaza kule, huwezi kusema kesho asubuhi nitaipeleka kwa fundi mjini. Sisi tulikuwa na kisanduku cha kupima joto la friji ya chanjo kwenye kituo kimoja cha afya. Chanjo nyingi zinataka kukaa kati ya digrii 2 na 8, kwa hiyo si mchezo. Ndani mulikuwa kadi ya ESP32, inakula umeme wa betri ya sola, na muuguzi anasoma joto kwenye simu yake kwa Wi-Fi. Siku moja Wi-Fi ikaanza kutokea na kupotea, kutokea na kupotea. Kila mtu akasema: kadi imekufa, tutume ingine.

Sasa, kadi hizi zinaongea. Zikiwaka tu, zinatuma maandishi kwa waya mmoja, herufi moja nyuma ya ingine. Njia hiyo inaitwa seriali, na si mambo ya jana: kanuni ya RS-232 ilitoka mwaka 1960. Kila herufi inasafiri kama biti 10: moja ya kufungua, 8 za herufi yenyewe, moja ya kufunga. Kwa mwendo wa 115200, hizo ni herufi 11,520 kwa sekunde. Hakuna saa ya pamoja kati ya kadi na kompyuta. Kila upande unahesabu peke yake. Hapa njo wengi wanapotea. Wanaweka 9600 pahali pa 115200, wanaona uchafu kwenye skrini, wanaamini chombo kimeungua. Kumbe ni mwendo tu. ESP8266, iliyotangulia ESP32, inachekesha zaidi: mara nyingi maneno yake ya kwanza inayatoa kwa 74880, halafu programu yako inaendelea kwa mwendo ulioupanga wewe. Ukiona uchafu mwanzoni na maneno safi nyuma yake, usiogope.

Turudi kwa kisanduku. Nilichomeka kabulo ya USB kutoka kadi hadi kompyuta, nikaandika:

tio -b 115200 /dev/ttyUSB0

Maneno yakashuka vizuri. Wi-Fi ikasimama imara saa nzima. Nikachomoa, nikarudisha betri, ugonjwa ukarudi. Nilirudia mara tatu, aibu niliyo nayo mpaka leo, kabla ya kuelewa: USB ilikuwa inailisha kadi. Mgonjwa wa njaa ukimpa sahani ya wali kwanza, kisha ukamuuliza anaumwa nini, atakwambia yuko muzima.

Dawa ni kusikiliza bila kulisha. Unachukua adapta ndogo ya USB kwa seriali, zile za CP2102 au CH340, na waya mbili tu. GND ya adapta kwa GND ya kadi. TX ya kadi kwa RX ya adapta, juu mdomo wa huyu unakwenda kwa sikio la yule. Waya wa volti 5 au 3.3 unauacha kabisa. Hakikisha adapta ni ya 3.3, na usiunganishe kamwe tundu la zamani la RS-232 moja kwa moja na kadi: lile linaweza kutoa hadi volti 15, na hapo kadi itakufa kweli.

Safari hii skrini iliandika, tena na tena: Brownout detector was triggered. Ni kadi yenyewe inalalamika kwamba volti imeshuka chini ya kiasi, kwa hiyo inajizima na kuwaka upya. Kila redio ya Wi-Fi ilipotuma, ilivuta umeme mwingi kwa mara moja, na waya wetu kutoka betri ulikuwa mrefu na mwembamba kama uzi. Tuliufupisha, tukaweka mnene zaidi, na kondensa ya mikrofaradi 470 karibu na kadi.

Kwa nini tio na si picocom au screen? Hizo pia zinafanya kazi, mimi sigombani na mtu. Lakini adapta ikichomoka, tio inangoja, na ikirudi inajiunganisha yenyewe. Tena unaweza kuiacha usiku kucha ikiandika saa ya kila mstari ndani ya faili:

tio --timestamp --log --log-file friji.txt /dev/ttyUSB0

Kutoka, bonyeza Ctrl na t, kisha q.

Iweke ungali Kisangani, penye intaneti: sudo apt install tio. Kwa Debian na Ubuntu, jiingize pia kwenye kikundi cha dialout, la sivyo utakataliwa ruhusa: sudo usermod -aG dialout $USER, kisha toka na uingie upya. Na kama una Ubuntu 22.04 na adapta ya CH340 inaonekana sekunde moja halafu inapotea, mwizi ni brltty, programu ya wasomaji wa maandishi ya vipofu, inayodhani adapta yako ni chombo chake. Kama hakuna anayeihitaji kwenye kompyuta hiyo, itoe. Jaribu yote hayo nyumbani, na kadi yoyote, kabla ya kupanda pikipiki.

Kadi ile ya kwanza njo iko kazini mpaka sasa. Ile ingine waliyotaka kutuma ingali ndani ya plastiki yake.