Gari la Kutembelea, Gari la Mbio: Pesa Iende Wapi?

Mwenye Subaru Impreza au Toyota Mark X akishaonja siku moja ya mbio za kupambana na saa, swali linalofuata huwa ni hilo hilo. Je, nilitengeneze gari hili ninaloendea kazini liwe na kasi zaidi, au niliache lilivyo nitafute jingine la mbio tu? Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, naulizwa swali hili mara kwa mara. Wanaouliza huwa tayari wameahidiwa na mtu fulani turbo kubwa au eksozi ya kunguruma, kwa hiyo nataka nilijibu kifundi.

Jibu langu ni kwamba njia nzuri ni mbili. Ya kwanza ni kuacha gari la kutembelea karibu kama lilivyotoka kiwandani na kubadilisha vitu vitatu tu. Ya pili ni kununua gari jingine kabisa, dogo na la bei ya chini, lisilo na kazi nyingine. Njia ya katikati, ile ya kuongeza kifaa hiki mwezi huu na kile mwezi ujao, ndiyo ghali kuliko zote. Mwisho wake unabaki na gari linaloumiza mgongo kwenye foleni ya Thika Road na bado linashindwa kumaliza mizunguko kumi uwanjani.

Tuanze na breki, kwa sababu ndizo zinazoshindwa kwanza. Chukua gari lenye uzito wa kilo 1,400 pamoja na dereva, likienda kilomita 150 kwa saa. Ukikanyaga breki kabla ya kona mpaka ukafika 60, umegeuza takriban megajuli moja ya mwendo kuwa joto. Joto hilo linatosha kuchemsha lita tatu za maji ya bomba. Kona inayofuata ni lita tatu nyingine, na breki hazijapata hata dakika ya kupoa. Ukisimama kwenye taa za barabarani kutoka kilomita 50 kwa saa, joto linalotoka halifiki hata sehemu ya saba ya hilo. Breki zinazokutosha mjini kwa miaka mingi zinaweza basi kukuacha mkono ndani ya dakika kumi uwanjani, na haina maana kwamba ni mbovu.

Kinachotokea ni hiki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani taratibu, hasa kupitia mipira ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka angalau nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu, kipimo hicho kinaweza kushuka hadi 155. Kwa anayeishi Mombasa au Dar es Salaam, ambako hewa imejaa unyevu mwaka mzima, hali hiyo hufika mapema. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea, jambo ambalo mafuta hayafanyi. Unakanyaga pedali, inashuka mpaka sakafuni, na gari linaendelea na safari yake.

Fungua gurudumu la mbele la gari lililotoka kwenye mbio kama hizo uone. Kingo za pedi zimegeuka kijivu cha majivu na zinamomonyoka ukizikwaruza kwa kucha. Diski ina mabaka ya buluu na zambarau. Mpira wa vumbi unaozunguka pistoni, ambao ulikuwa laini, umekauka na kupasuka. Hapo hujagusa injini wala hujaongeza hata farasi mmoja wa nguvu. Sasa fikiria mwenye gari hilo angekuwa ameongeza farasi 60 kwanza: angefika kwenye kona hiyo hiyo akiwa na kasi zaidi na breki zile zile.

Mwinuko nao unachangia. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Yenye turbo hujitahidi kuziba pengo, lakini turbo yenyewe huzunguka kwa kasi zaidi na kutoa hewa ya moto zaidi. Tena hewa nyepesi hupoza rejeta na breki kwa uvivu. Mipangilio ya kompyuta ya injini iliyofanyiwa majaribio Japani au Uingereza, usawa wa bahari, usiipokee hapa kabla haijapimwa upya.

Vitu vitatu vya kubadilisha ni mafuta ya breki, pedi na matairi. Mimina mafuta mapya ya DOT 4 yenye kiwango cha juu cha kuchemka, na uyabadilishe kila mwaka. Weka pedi zinazostahimili joto kuliko za kawaida, lakini zisiwe za mbio tupu. Pedi za mbio tupu zinataka kupata moto kwanza ndipo zishike. Asubuhi ya baridi kule Limuru, breki ya kwanza ya siku itakusaliti nyuma ya matatu iliyosimama ghafla. Matairi yawe mapya na ya kampuni inayoaminika, manne ya aina moja. Tairi laini la mbio lenye mifereji michache hung'ang'ania lami kavu vizuri mno, ila mvua ya masika ikituama barabarani halina pa kuyapitisha maji, na gari huelea. Ukilitaka, liwe kwenye seti ya pili ya rimu, ulifunge ukifika uwanjani.

Juu ya hayo matatu, ongeza oili mpya na siku nzima na mwalimu anayejua, ameketi kiti cha abiria. Sijaona kifaa kinachopunguza sekunde nyingi kwa bei hiyo.

Ukivuka hapo, kila unachokifanyia gari la kutembelea kina gharama ambayo duka la spea halikuambii. Springi fupi na ngumu hupunguza kuyumba kwenye kona, na pia hulishusha gari mpaka tumbo lianze kukwaruza kila tuta. Ukilaza magurudumu kwa ndani ili yashike kona, upande wa ndani wa tairi huisha kabla ya wa nje katika safari za kawaida za kwenda na kurudi. Bushi ngumu za poliuretani huleta mtetemo wa barabara nzima ndani ya gari, na watoto hawatalala tena safari ya kwenda ushago.

Kuna moja ambalo silifanyii mjadala, nalo ni kufunga fremu ya vyuma ya kukinga dereva ndani ya gari la familia. Uwanjani fremu hiyo huokoa maisha kwa sababu dereva amevaa helmeti na kufungwa mikanda inayomshikilia kitini. Mjini hana helmeti, na bomba la chuma liko inchi chache kutoka kichwani mwake. Ajali ndogo ambayo gari la kawaida lingeimaliza kwa mto wa hewa inaweza kumpasua fuvu. Na abiria wa kiti cha nyuma je?

Halafu yapo magari ambayo hayakuumbwa kwa kazi hii, hata ukiyaongezea nini. Magari mengi madogo ya Kijapani tunayoyatumia yana giaboksi ya CVT, inayoendeshwa na mkanda wa chuma kati ya puli mbili. Kwa safari za mjini ni nzuri na inabana mafuta. Ikikimbizwa bila kupumzika hupata joto, na kompyuta hukata nguvu ili kuiokoa. Subaru za turbo zenye injini ya EJ zina tatizo la aina nyingine. Silinda zake zimelala, na kwenye kona ndefu ya kasi oili hukimbilia upande mmoja, mrija wa kuvuta oili ukabaki unafyonza hewa kwa nukta chache. Nukta hizo chache zinatosha kukwaruza beringi za krenki. Mwenye Forester, Legacy au Impreza ya namna hiyo akague oili kila akitoka uwanjani, na asiruhusu kamwe kiwango kishuke chini ya alama ya juu.

Swali linaloamua mambo, hata hivyo, halihusu vyuma. Jumapili jioni gari likiwa limevunjika giaboksi, Jumatatu asubuhi utaendaje kazini? Kama gari ni la mkopo, mambo ni mazito zaidi, kwani hapa Kenya hati ya umiliki huandikwa jina lako na la benki mpaka umalize kulipa. Na bima? Chukua mkataba wako usome sehemu ya mambo yasiyolipiwa. Mikataba ya kawaida ya bima ya magari huondoa mbio, mashindano na majaribio ya kasi, hata ukiwa na bima kamili. Ukiligonga kwenye ukingo utalilipia mwenyewe, na utaendelea kulipa mkopo wa gari lisilotembea. Mtu asiyeweza kubeba hasara hiyo ana haki ya kupenda mbio, lakini asipeleke gari hilo.

Ndipo gari la pili linapoanza kuonekana rahisi, ingawa mwanzoni lilionekana anasa. Gari la mbio la bei ya chini likivunjika, linasubiri gerejini mwezi mzima bila kuathiri mshahara wa mtu. Tena unaweza kulitengeneza kwa ajili ya kazi moja bila kumwonea yeyote huruma: ng'oa viti vya nyuma, zulia, redio na kiyoyozi, funga fremu na mikanda inayostahili.

Sifa ya kwanza ya kutafuta ni wepesi. Gari la kilo 900 likishushwa kutoka 150 hadi 60 hutoa joto pungufu kwa zaidi ya theluthi moja kuliko lile la kilo 1,400. Breki ndogo zinalitosha, matairi yanakaa zaidi, mafuta yanadumu. Wakenya wana ushahidi wao. Mwaka 1993 Patrick Njiru aliendesha Subaru Vivio ya sentimita za ujazo 660 kwenye Safari Rally, akafika mwisho na kushinda daraja lake. Colin McRae, aliyekuwa na Vivio kama hiyo na kipaji ambacho dunia ilikuja kukishangilia, hakumaliza. Kigari kidogo kwa dereva mwenye subira na anayeijua barabara kiliwaacha njiani wenye injini kubwa kukizidi mara kadhaa.

Marekani na Uingereza ushauri wa siku zote ni kununua Mazda MX-5 kuukuu, iliyozinduliwa mwaka 1989, nyepesi na yenye spea tele. Ushauri huo hausafiri vizuri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, hivyo MX-5 za zamani na za bei nafuu hazifiki bandarini Mombasa. Gari letu la mbio ni lile ambalo tayari liko nchini: Starlet, Vitz ya kwanza yenye gia za mkono, Corolla ya miaka ya tisini. Spea zake zinapatikana Barabara ya Kirinyaga kabla ya saa sita mchana, na fundi yeyote anazijua. Mimi ningechagua Starlet.

Bajeti igawe nusu kwa nusu. Ukiwa na shilingi laki sita, gari lisizidi laki tatu. Nusu ya pili itaisha kwenye breki, matairi, kiti, mikanda, helmeti, na kulibeba gari kwenye lori kwenda na kurudi. Wengi hutumia zote sita kununulia gari, kisha wanaingia uwanjani na matairi waliyolikuta nayo.

Jiulize pia utashindania wapi. Kenya haina uwanja wa lami wa hadhi ya Kyalami kule Afrika Kusini. Tulicho nacho ni mbio za autokrosi kwenye vumbi na murramu, viwanja vidogo kama ule wa Whistling Morans pale Athi River, na mbio za kupambana na saa kwenye barabara zilizofungwa kama Kiamburing. Gari la vumbi linataka springi ndefu na laini, na bamba la chuma chini ya injini, yaani kinyume kabisa cha lile lililoshushwa kwa ajili ya lami. Barabara iliyofungwa nayo haina nafasi ya kukosea, kwani ukitoka nje ya lami unakutana na mtaro. Chagua aina ya mbio kwanza, ndipo uchague gari.

Yupo mtu ambaye simshauri anunue gari la pili: mwenye nafasi moja ya kuegesha, anayeshiriki mara moja au mbili kwa mwaka na hana haja ya kumshinda yeyote. Huyo vitu vitatu vinamtosha, na atafurahi miaka mingi.

Ukishaamua kununua, usisikilize injini kwanza. Injini ya Starlet inapatikana. Bodi iliyooza haitengenezeki kwa bei ya maana. Inua zulia la mbele, bonyeza sakafu kwa kidole gumba, kisha fungua boneti utazame sehemu ambapo shokapu zinashikana na bodi. Ukiona welding mpya au rangi iliyopasuka kuzunguka nati, ndiko bodi inakoanza kuachana. Rudisha funguo, hata kama injini inaimba.