Kiingereza cha GRE: Shilingi Yako Ianzie Wapi

Ada ya kufanya mtihani wa GRE ni dola 220. Dola ikibadilishwa kwa shilingi 2,500 za Tanzania, hiyo ni 550,000. Ikibadilishwa kwa shilingi 129 za Kenya, ni zaidi ya 28,000. Kwa mwalimu wa sekondari anayetafuta nafasi ya uzamili Marekani, hilo ni fungu kubwa la mshahara wa mwezi, na hapo bado hajanunua kitabu hata kimoja. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha kozi, hakikisha idara unayoiomba inautaka mtihani huo. Tangu 2020 idara nyingi zimeuondoa na nyingine zimeufanya wa hiari. Ndani ya chuo kimoja, idara ya uchumi inaweza kuudai ilhali majirani zao wa ghorofa ya chini hawataki hata kuona alama zake. Soma maelekezo ya idara yenyewe, usiishie kwenye ya chuo. Kama hayaeleweki, waandikie barua pepe uwaulize. Kuuliza ni bure.

Ukishajua kwamba huna budi kuufanya, jihadhari na mabango ya vituo vya lugha yanayotaja IELTS, TOEFL na GRE kwa pamoja. Mitihani miwili ya kwanza inapima kama unaweza kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika Kiingereza cha masomoni. GRE haina kusikiliza wala kuzungumza. Inachukulia kwamba lugha unayo tayari, kisha inaangalia kama unaweza kuifuata hoja ndani ya aya nzito bila kupotea njiani. Mmarekani aliyezaliwa na Kiingereza anafanya mtihani huohuo na anatoa jasho. Darasa la sarufi na matamshi, hata likiwa zuri, halitakusogeza mbali hapa.

Tangu Septemba 2023 mtihani mzima umefupishwa hadi saa moja na dakika 58. Kuna insha moja ya dakika 30. Maswali ya Kiingereza yako katika sehemu mbili: maswali 12 kwa dakika 18, halafu 15 kwa dakika 23, yaani kama dakika moja na nusu kwa kila swali. Alama zinaanzia 130 na kuishia 170, na wastani wa watahiniwa duniani huzunguka 150 na 151. Swali la kujaza nafasi tatu linadai zote tatu ziwe sahihi. Ukipata mbili hupewi kitu. Jibu la kosa halikatwi alama, kwa hiyo usiache swali lolote tupu.

Sasa tuje kwenye manunuzi. Naanza na kisicholipiwa, kwa sababu watu wengi wanakiruka wakidhani cha bure hakina thamani. ETS, taasisi inayotunga GRE, inatoa bure mitihani miwili kamili ya majaribio kwa jina la POWERPREP Online, yenye muundo na saa zilezile za mtihani halisi. Inachapisha pia orodha nzima ya mada za insha. Mtu akikuuzia "mada zinazotarajiwa kutoka", anakuuzia kitu ambacho ungekipata mwenyewe bila senti. Mtihani mmoja wa majaribio ufanye mwanzoni kabisa, hata kabla hujajiandaa, maana alama zake ndizo zitakazokwambia kama unahitaji kutumia pesa zaidi. Mtu aliyeanza na 158 huku idara yake ikiridhika na 155 hana sababu ya kujiunga na kozi. Wa pili uweke hadi wiki mbili za mwisho.

Hapo kwenye maswali ya ETS ndipo ninapoweka mkazo wote. Kwa upande wa hesabu, swali zuri linaweza kutungwa na kampuni yoyote: jibu ama ni 12 ama si 12. Upande wa Kiingereza, ugumu wote umo kwenye majibu ya uongo. Jibu la uongo la ETS limetengenezwa lifanane na ukweli, na ukirudi kwenye aya utaona neno moja linalolikataa. Maswali mengi ya makampuni mengine hayafikii hapo. Mara yana majibu mawili yanayoweza kutetewa, mara ugumu wake ni neno adimu tu. Ukiyazoea hayo unajenga tabia mbaya ya kubahatisha kwa hisia. Kwa hiyo kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua kitabu cha ETS cha maswali ya Kiingereza peke yake, Official GRE Verbal Reasoning Practice Questions, ambacho bei yake ni kama dola 20. Mitihani ya ziada ya POWERPREP PLUS inauzwa karibu dola 40 kila mmoja. Mmoja unatosha.

Vitabu vya mtumba ni sawa ukiangalia mwaka. Fungua maswali ya Kiingereza: ukiona sehemu ya kutafuta kinyume cha neno, kirudishe, kwa sababu maswali hayo yaliondolewa Agosti 2011. Vilivyotoka baada ya hapo na kabla ya Septemba 2023 bado vinafaa kwa maswali yake, ila idadi na dakika zimebadilika.

Baada ya hapo ndipo zinakuja huduma za kulipia kwenye intaneti. GregMat inatoza dola chache kwa mwezi, na kwa mtu anayetaka kuelekezwa namna ya kusoma swali, naona ndiyo nafuu kuliko zote. Magoosh huzidi dola 100 kwa miezi kadhaa. Madarasa ya moja kwa moja ya Kaplan na Manhattan Prep yanagharimu mamia ya dola, na mengine yanavuka 1,000. Kabla hujalipa kiasi hicho, tazama ratiba: darasa la saa moja jioni New York huku kwetu ni saa nane au saa tisa usiku. Hesabu na bando la kutazamia video. Usajili mwingi wa namna hii hujirefusha wenyewe kila mwezi, kwa hiyo ukimaliza usitishe, la sivyo kadi itaendelea kukatwa.

Mwalimu wa tuisheni mjini kwako naye anaweza kufaa. Muombe akuonyeshe alama zake mwenyewe, kisha mpe swali moja la ETS akueleze kwa nini kila jibu la uongo ni la uongo. Akikuambia tu "hili ndilo linalosikika vizuri", mshukuru uondoke.

Kinacholeta mabadiliko makubwa hakiuzwi popote, nacho ni daftari la makosa. Kila swali ulilokosa liandikie sababu. Mfano: "Swali la 9. Nimechagua C, jibu ni B. Mwandishi amesema 'baadhi ya wanahistoria', C inasema 'wanahistoria'." Ukijaza kurasa chache utaona kosa lako ni lilelile moja linalorudi kwa sura tofauti. Lingine ni kusoma. Akaunti ya bure ya JSTOR, maktaba ya mtandaoni ya makala za kitaaluma, inakuruhusu kusoma makala 100 kwa mwezi, na makala za historia, biolojia na uhakiki wa sanaa humo zinakaribiana sana na aya za mtihani. Makala moja kila siku kwa miezi mitatu inazidi orodha yoyote ya misamiati ya kukariri.

Umebaki uamuzi wa mahali pa kufanyia. Mtihani wa nyumbani una ada ileile ya kituoni, na kwa mtu wa Kigoma au Lodwar unaokoa nauli na malazi. Lakini unadai chumba cha peke yako, mlango uliofungwa, kompyuta yenye kamera, na ubao mdogo wa kufutika badala ya karatasi. Umeme ukikatika katikati, matatizo ni yako. Aliye Dar es Salaam au Nairobi aende kituoni bila kusita. Aliye mbali, na mtaani kwake umeme hukatika mara kwa mara, ningemshauri apande basi pia.

Punguzo la ada la ETS ni la raia na wakazi wa Marekani, kwa hiyo usilipangie bajeti. Afadhali uulize EducationUSA, ushauri wa bure unaotolewa kupitia balozi za Marekani, wenye mfuko unaowasaidia baadhi ya waombaji wasio na uwezo. Ukilipa, jisajili kwa jina lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kubadili tarehe kuna ada yake, na mwisho wa kufanya hivyo ni siku nne kabla ya mtihani. Ukichelewa, 220 zote zimekwenda.