SOMO LA REDIO: PICHA YA MISHIPA YA MOYO

Ndugu wanafunzi wa Kishanda, Kamachumu na Bukoba mjini, fungueni madaftari. Maneno mapya ya leo ni mawili: MIONZI na FIGO. Mwalimu atayaandika ubaoni.

Mtu akiumwa kifua mara kwa mara, daktari aweza kumpeleka hospitali kubwa, kama Bugando ya Mwanza, au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoko Dar es Salaam. Huko huenda akalazwa ndani ya mtambo wa duara uitwao siti skani. Mtambo huu hutumia mionzi ya eksirei, ile aliyoigundua Röntgen wa Ujerumani mwaka 1895. Lakini mionzi hupita katika damu na katika nyama karibu sawasawa, kwa hiyo mshipa hauonekani. Basi mgonjwa hudungwa sindano ya dawa yenye madini joto, yale tuyajuayo katika chumvi. Madini joto huzuia mionzi, na mshipa huonekana kama mto katika ramani.

Mionzi ikizidi, huongeza kidogo hatari ya kupata saratani miaka ya mbele. Dawa nayo hutolewa mwilini na figo, na figo zilizo dhaifu zaweza kuumia. Kila mtu duniani hupata mionzi kidogo kutoka ardhini na angani. Zamani picha moja ya moyo iliweza kumpa mgonjwa mionzi ya miaka minne au zaidi kwa mara moja. Siku hizi, kazi ikifanywa vizuri, hushuka chini ya miaka miwili.

Imepunguzwaje? Mtu angedhani kwamba mionzi ikipunguzwa, dawa lazima iongezwe. Sivyo. Umeme wa mtambo ukishushwa kutoka kilovolti 120 hadi 100 au 80, mionzi hupungua nguvu ya kupenya, na madini joto huinasa vizuri zaidi. Mshipa hung'aa kuliko kwanza, kwa hiyo dawa nayo hupunguzwa. Kwangu mimi, hili ndilo jambo zuri kupita yote katika somo hili. Ila kwa mtu mnene mionzi dhaifu haitoshi, ndiyo sababu hupimwa uzito kwanza.

Njia nyingine imo katika moyo wenyewe. Moyo hutulia kidogo kati ya pigo na pigo, na mtambo waweza kupiga picha wakati huo tu. Moyo ukienda mbio, nafasi hiyo huwa fupi na mionzi huongezwa. Kwa hiyo mgonjwa huweza kupewa dawa ya kuutuliza, mapigo yafike kama 60 kwa dakika. Tena huambiwa asitumie kahawa. Hapo tusidanganyane: ile ya kutafuna tunayompa mgeni, nayo ni kahawa!

Mgonjwa aseme mapema kama ana ugonjwa wa figo au kisukari, kama ni mja mzito, au kama dawa ya namna hiyo ilimwasha mwili zamani. Achukue picha zake za nyuma, asipigwe tena bure. Akiambiwa azuie pumzi, azuie. Lakini asikatae kipimo kwa hofu ya mionzi: mshipa wa moyo ukiziba, mtu aweza kufa siku ile ile.

Sasa mwalimu atazame saa. Kila mmoja aweke vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, ahesabu mapigo kwa dakika nzima, kisha aandike hesabu yake daftarini kwa tarakimu.