Kupanda nyasi kwenye udongo mwekundu wa Sagalla

Malisho yakibaki kipara huku Sagalla ya chini, wengi husema mvua imetukimbia. Mimi nasema tuanze na udongo. Huu wetu mwekundu ukipigwa na mvua kisha jua, juu hufunga utando mgumu kama sakafu. Mvua inayofuata haiingii. Huteremka na mbegu zote. Kumwaga mbegu juu juu ni kulisha ndege na sisimizi.

Kabla ya vuli, vunja utando kwa jembe au plau ya ng'ombe, ukikata mistari ya kukingama mteremko ili maji yasimame. Tafuta nyasi za kwetu: Cenchrus ciliaris, Eragrostis superba na Enteropogon macrostachyus, ambazo watafiti wa KALRO kule Kiboko wamezishughulikia. Zile za bustani za hoteli zataka maji kila siku, na sisi hata ya kunywa ni ya kusaka.

Mbegu iliyovunwa jana usiipande leo. Bado imelala, iweke pakavu miezi kadhaa. Kwa kuwa ni nyepesi, ichanganye na mchanga mkavu, uitawanye, kisha uifunike kwa udongo usiozidi sentimita 1. Ikizama zaidi haitoki.

Shida kubwa ni mbuzi. Uzio wa mizinga ya nyuki uliotupa sifa Sagalla huzuia ndovu; mbuzi hupita chini yake. Zungushia matawi ya miiba msimu wote wa kwanza, mpaka nyasi ziangushe mbegu zake. Jirani akiomba kuingiza ng'ombe kabla ya hapo, mkatalie, umwahidi majani ya kukata mwakani.