Kikohozi cha Koko: Si Kila Mara Kifua Kikuu, Wala Si Uzee Tu



Katika familia nyingi za Bunia kuna koko anayekohoa kila asubuhi, na akitoka kanisani anapumzika njiani mara tatu. Tunasema ni uzee. Kweli, mapafu hupungua nguvu polepole kwa umri, lakini uzee peke yake haumfanyi mtu akose pumzi akivaa nguo.

Kuna ugonjwa sugu unaobana njia za hewa mapafuni. Mwaka 2021 uliua watu karibu milioni 3.5 duniani. Wengi hudhani ni wa wavuta sigara tu. Huko Masindi, Uganda, ng'ambo ya Ziwa Albert, watafiti walipima watu 588 wenye miaka zaidi ya 30. Matokeo yalitoka mwaka 2015: karibu 16 kwa kila 100 walikuwa nao, wanawake sawa na wanaume. Karibu wote waliishi na moshi wa jiko. Mama anayekausha samaki Tchomia, au anayepika maharagwe kwa kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha, amevuta moshi miaka arobaini bila kugusa sigara. Na mzee aliyechimba zahabu Mongbwalu ana vumbi la mawe kifuani.

Shida ni kwamba magonjwa mengi yanafanana. Kikohozi cha zaidi ya majuma mawili, homa, jasho la usiku na kukonda: makohozi yapimwe kwanza, maana kifua kikuu kinapona na dawa zake ni za bure. Pumu huja na kuondoka, mara nyingi tangu ujana. Miguu ikivimba, na koko akishindwa kulala bila kuinuliwa mito, pengine ni moyo. Mwanafunzi wangu mmoja alikosa masomo muhula mzima akimtunza koko wake, aliyepewa dawa za kifua mara mbili bila kupimwa makohozi. Ulikuwa moyo. Na aliyepona kifua kikuu anaweza kubaki na makovu mapafuni. Akikohoa tena, apimwe upya kabla ya kurudishiwa zile dawa za miezi sita.

Kipimo chenyewe cha njia za hewa ni spirometa. Picha ya kifua peke yake haitoshi. Koko anavuta hewa mpaka mwisho, anapuliza kwa nguvu zote mpaka iishe, na kurudia angalau mara tatu. Halafu anavuta dawa ya kufungua njia, anangoja kama dakika 15, anapuliza tena. Wanaangalia hewa iliyotoka sekunde ya kwanza: ikiwa chini ya 70 kwa 100 ya hewa yote, njia zimebanwa. Lakini hesabu hiyo hushuka kwa umri, hata kwa mzee mzima wa afya. Kwa hiyo muulizeni daktari kwa adabu kama amelinganisha na umri, urefu na jinsia ya koko. Bila hivyo mzee anaweza kupewa ugonjwa asio nao, na familia ikanunua dawa za bure kabisa, yaani zisizo na kazi.

Kama kituo chenu hakina chombo hicho, ombeni barua ya kwenda hospitali kubwa. Mkienda, bebeni karatasi zote za zamani na maboksi ya dawa alizokunywa. Semeni pia alipika kwa kuni miaka mingapi, na kama aliwahi kufanya kazi migodini, hata kama muganga hajauliza.