Kusafisha Kompyuta Kuukuu: Istilahi za Kufuta, Kuondoa na Kupalilia

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuyachunguza maneno machache yatumikayo katika kazi moja ndogo, nayo ni kuisafisha kompyuta kuukuu iliyojaa na kuwa nzito, ili iende tena kwa wepesi. Huenda msomaji akadhani kwamba kazi hiyo ni ya mafundi tu, wala haimhusu mtafsiri, mwalimu au mtumishi wa Serikali. Sivyo. Maagizo ya kazi hiyo siku hizi huandikwa kwa Kiswahili pia, na neno moja lililochaguliwa ovyo laweza kuipotezea ofisi nzima majalada yake.

Mifano yetu tutaiweka Lushoto, katika milima ya Usambara. Sababu ni mbili. Kwanza, Lushoto ndipo kilipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, na tangu sheria zetu ziliporekebishwa mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Karani wa mahakama aliyezoea kupima maneno hawezi kuridhika na agizo la kompyuta lisilojulikana linaagiza nini. Pili, kilimo cha milima hiyo kina vitenzi vinavyotofautisha kwa makini kuondoa hiki na kuacha kile, na vitenzi hivyo vitatufaa hapa chini.

Yafaa pia kukumbuka kwamba msamiati huu bado ni mchanga. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na miaka mingi ilipita kabla ya masharti hayo kulegezwa. Mashine zilipoenea ofisini, zilikuja zikisema Kiingereza. Juhudi kubwa ya kuzifundisha Kiswahili ilionekana mwaka 2004, pale mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulipotoa programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa jina la Jambo OpenOffice. Baadaye makampuni ya nje nayo yalitafsiri menyu za kompyuta na za simu, kila moja kwa njia yake. Hivyo maneno tuliyo nayo yametoka katika vyungu mbalimbali, na hayajapikwa pamoja.

Kwa nini mashine kuukuu huwa nzito

Istilahi haiwezi kuchaguliwa vema kabla kitu chenyewe hakijafahamika. Na tuifikirie masjala ya ofisi yoyote, iwe Mlalo, Soni au Bumbuli. Karani ana meza na ana kabati. Majalada anayoyashughulikia sasa huwa mezani. Yaliyobaki huwa kabatini. Kompyuta nayo ina sehemu mbili za namna hiyo. Sehemu ya kwanza hushika yale yanayofanyiwa kazi wakati huu, na umeme ukizimika yote yaliyomo hupotea. Sehemu ya pili, yaani diski, hutunza mambo hata mashine ikiwa imezimwa.

Meza ikiwa ndogo na kazi zikiwa nyingi, karani hulazimika kuinuka kila mara kwenda kabatini. Ndivyo inavyokuwa kwa mashine yenye nafasi ndogo ya kazi: hukimbilia diski kila dakika, na diski za kale zinazozunguka ni nzito sana zikilinganishwa na sehemu ile ya kwanza. Kabati nalo likijaa pomoni, mashine hukosa hata mahali pa kuweka vitu vya muda. Tena kuna programu zinazojiwasha zenyewe kila mashine iwashwapo, mithili ya wageni waliokwisha kukaa mezani kabla karani hajafika kazini.

Sababu nyingine ni vumbi. Vumbi la barabara, likichanganyika na unyevu wa ukungu wa milimani, hushikamana na mapanga ya feni na kuziba matundu ya hewa. Prosesa isipopozwa huchemka, na ili isiungue hupunguza mwendo wake yenyewe. Kwa hiyo mashine yaweza kuwa nzito bila ya kuwa na kosa lolote katika programu zake. Hapo kusafisha ni kusafisha kweli: kuchomoa waya wa umeme, kufungua kasha, kuishika feni isizunguke, na kupangusa kwa brashi laini iliyo kavu.

Utata wa neno "kumbukumbu"

Hapa ndipo hatari ya kwanza ilipo. Sehemu ile tuliyoifananisha na meza imezoeleka kuitwa "kumbukumbu". Lakini katika utumishi wa umma neno hilo lina maana nyingine iliyotangulia: kumbukumbu ni maandishi yanayohifadhiwa kuwa ushahidi wa mambo yaliyofanyika. Tunayo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na tunayo Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, ambayo haimwachii mtumishi uhuru wa kuteketeza kumbukumbu za umma kwa hiari yake.

Sasa chukua agizo hili: "Futa kumbukumbu ili kompyuta iende haraka." Mwandishi wake alikusudia kwamba programu zisizotumika zifungwe ili nafasi ya kazi ipatikane. Msomaji wa masjala aweza kuelewa kwamba mafaili ya miaka iliyopita yafutwe. Wa kwanza hapotezi kitu cha kudumu. Wa pili huenda akavunja sheria. Kulitupa neno "kumbukumbu" sasa kungekuwa vigumu, kwa kuwa limekwisha kuenea. Twapendekeza lisitumike pekee. Sehemu ya mashine iitwe "kumbukumbu ya kazi", maandishi ya ofisi yaitwe "kumbukumbu za ofisi", na mahali pa kutunzia paitwe "hifadhi", kama ilivyo katika simu nyingi zenye menyu za Kiswahili.

Neno "akiba" lina mtego wa namna hiyo hiyo. Katika simu msomaji hukutana na agizo "Futa akiba". Kinachofutwa ni nakala ambazo programu imeziweka karibu ili isilazimike kuzitafuta upya. Zikiondolewa hakuna hasara; programu itachelewa kidogo mara ya kwanza, kisha itazikusanya tena. Lakini Mswahili amelelewa na methali isemayo akiba haiozi. Kwake akiba ni kile asichokigusa mpaka siku ya dhiki. Kumwambia aifute ni kumwagiza jambo ambalo akili yake inalikataa, na mwenye fedha zake katika simu ana haki ya kuogopa. "Nakala za muda" ni fungu la maneno lisilotisha, tena linaeleza jambo lenyewe.

Kutupa, kumwaga na kufuta

Kitenzi "futa" kimebebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi. Mahakamani kuondoa shauri na kufuta shauri si jambo moja, na karani hathubutu kuandika neno moja mahali pa jingine. Katika kompyuta nako kuna hatua tatu zilizo mbali mbali, nazo zote huitwa kufuta.

Hatua ya kwanza ni kulipeleka faili katika kapu la taka. Faili bado lipo zima, laweza kurejeshwa, na nafasi yake katika diski haijapatikana. Hatua ya pili ni kulimwaga kapu. Hapo mashine huihesabu nafasi ile kuwa tupu, ingawa katika diski za kuzunguka maandishi yenyewe hubaki mpaka yaandikwe mengine juu yake, na fundi mwenye zana aweza kuyasoma. Hatua ya tatu ni kuyaandikia juu hata yasisomeke tena.

Tofauti hizi si za kifundi tu. Mwenye kutaka wepesi wa mashine akiishia hatua ya kwanza, hupata kapu lililojaa na mashine nzito kama awali. Mwenye kuiuza au kuigawa kompyuta ya ofisi akiishia hatua ya pili, humkabidhi mgeni siri za watu. Twapendekeza basi vitenzi vitatu: kutupa kapuni, kumwaga kapu, na kufuta. Neno "futa" libakizwe kwa tendo lisilo na marejeo, kama ubao ufutwavyo.

Kusakinisha na kinyume chake

Kuitia programu katika mashine kumeitwa "kusakinisha", yaani kuifanya isakini, ikae. Ni neno jema. Lakini kwa tendo la kinyume simu nyingi hutumia "sanidua", lililoundwa kutokana na "sanidi", neno lenye maana ya kuitengeneza programu ifanye kazi itakiwavyo. Kiambishi cha kinyume tunakifahamu katika funga na fungua, ziba na zibua. Kwa kawaida hiyo, kinyume cha kusanidi ndicho kingekuwa kusanidua, hali msomaji anatafuta kinyume cha kusakinisha. Jozi imevunjika. Hadi patakapopatikana neno bora, "kuondoa programu" latosha, nasi tungependa kitenzi "ondoa" kitumike kwa programu tu, wala si kwa mafaili.

Kupalilia

Limebaki neno "kusafisha" lenyewe. Mkulima asemapo anasafisha shamba, mara nyingi maana yake ni kufyeka na kung'oa vyote vilivyomo ili alime upya. Kabichi zikiisha kuota hasafishi tena, anapalilia. Kupalilia ni kuondoa magugu huku ukiyalinda mazao, na hakuwezekani pasipo kujua lipi gugu na lipi zao. Hiyo ndiyo kazi hasa ya mtu apitiaye mafaili ya kompyuta kuukuu. Kwa hiyo twapendekeza "kupalilia diski" kwa kuchambua na kutupa visivyohitajika, na "kufyeka diski" kwa kufuta vyote vilivyomo. "Kusafisha" kubaki kwa vumbi.

Tungeweza pia kuwakopa wakulima wa peasi na plamu neno "kupogoa", kwa kuzikomesha programu zinazojiwasha zenyewe. Lakini kupogoa ni kukata, hali programu iliyozuiliwa hubaki nzima na yaweza kuitwa wakati wowote. Hapo "kuzuia kujiwasha" kunaeleza vizuri zaidi.

Mfano wa maagizo

Kwa maneno hayo, maagizo ya kazi yote yaweza kuandikwa hivi:

1. Nakili kumbukumbu za ofisi katika diski nyingine, na uhakikishe kwamba zinafunguka.
2. Zima mashine, chomoa waya, safisha vumbi la feni na la matundu ya hewa.
3. Iwashe, kisha zuia kujiwasha kwa programu zisizohitajika.
4. Ondoa programu zisizotumika.
5. Palilia diski: tupa kapuni nakala za muda na mafaili yasiyo na kazi.
6. Kagua kapu, ndipo ulimwage.
7. Ikiwa diski ni ya kuzunguka, unganisha vipande vya mafaili. Ikiwa ni diski isiyozunguka, usifanye hivyo, kwani haina faida nayo huchakaa.
8. Mashine ikibaki nzito, ongeza kumbukumbu ya kazi au badili diski ya kuzunguka kwa isiyozunguka.

Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

futa: haribu maandishi yasipate kurejeshwa.
fyeka diski: futa vyote vilivyomo katika diski.
hifadhi: mahali mashine inapotunzia mambo hata ikizimwa.
kapu la taka: mahali pa kungojea mafaili yaliyotupwa.
kumbukumbu ya kazi: sehemu ishikayo yanayofanyiwa kazi sasa.
kumbukumbu za ofisi: maandishi yatunzwayo kwa mujibu wa sheria.
mwaga kapu: achilia nafasi ya mafaili yaliyotupwa.
nakala za muda: nakala ambazo programu huweza kuzikusanya tena.
ondoa: toa programu iliyosakinishwa.
palilia diski: chambua mafaili na kutupa yasiyohitajika.
tupa kapuni: peleka faili katika kapu la taka.
zuia kujiwasha: fanya programu isianze mpaka iitwe.

Hitimisho

Istilahi hizi ni mapendekezo, nazo zitapimwa na watumiaji. Mwalimu azijaribu darasani, mtafsiri azilinganishe na menyu zilizopo, na mtumishi aone kama zinamwondolea mashaka. Mahali ambapo neno moja halijatosha, mtafsiri asione aibu kuandika sentensi nzima ielezayo kitakachopotea na kitakachobaki. Msomaji ataisoma sentensi hiyo kabla ya kubonyeza, na huo ndio wakati pekee ambao maelezo yanaweza kumsaidia.