Mishipa ya fahamu inavyolindwa katika upasuaji wa kiuno

MAUMIVU ya kiuno ni jambo la kawaida kwa wanaoishi kwa kubeba mizigo. Katika mialo ya Kibirizi na Ujiji, vijana huinua magunia ya dagaa na madumu ya mawese tangu alfajiri.

Wengi hupona kwa dawa, mazoezi na kuepuka kazi nzito. Wachache, hususan ambao pingili zao zimeteleza, huhitaji upasuaji wa kuziunganisha. Kwa mkazi wa Kigoma, hiyo huweza kumaanisha rufaa kutoka Hospitali ya Maweni hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli.

Swali kubwa la mgonjwa huwa moja: je, nitatembea tena?

Hofu hiyo ina msingi. Uti wa fahamu huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini yake hubaki fungu la mizizi ya fahamu inayoendesha miguu, kibofu na haja kubwa. Daktari hufunga skrubu milimita chache tu kutoka kwenye mizizi hiyo, kisha huziunganisha kwa fimbo za chuma.

Kwa kuwa aliyelala hawezi kulalamika, mashine humsemea. Sindano nyembamba huwekwa kwenye misuli ya miguu. Mzizi ukiguswa au kuvutwa, msuli hutoa ishara ya umeme na daktari huonywa. Skrubu nayo hupimwa kwa umeme mdogo. Msuli ukijibu upesi, huenda skrubu imetoboa ukuta wa mfupa. Usipojibu hata kwa miliampea 10, kwa kawaida imekaa salama. Dawa za kulegeza misuli huepukwa wakati wa kipimo, kwani huficha ishara.

Mashine hizo ni ghali. Mwaka 1973 Vauzelle na Stagnara wa Ufaransa walieleza njia nyepesi: kupunguza usingizi katikati ya upasuaji na kumwambia mgonjwa achezeshe miguu. Hata hivyo, hakuna kipimo kinachochukua nafasi ya ujuzi wa daktari.

Kabla ya kutia saini, mgonjwa ana haki ya kuuliza mishipa yake italindwaje. Na akipata ganzi sehemu za siri, akashindwa kuzuia mkojo au mguu ukalegea ghafla, afike hospitali siku hiyohiyo.